Visheti vya Mama Mkwe

Mbwa wetu Tomi alikuwa akifakamia chakula mpaka anatapika, ndiyo maana nikamnunulia kimkeka cha mpira chenye vinundu. Unakipaka uji, naye analamba polepole. Nilichagua cha rangi ya waridi, kama mjinga anayenunua vyombo vya harusi.

Mama mkwe alipokuja Kibaha kutoka Maneromango, alikikuta kwenye kichanja cha vyombo. "Hiki cha nini, mwanangu?"

Niliona aibu kusema nimemnunulia mbwa chombo. "Cha jikoni tu, mama." Tangu hapo nikawa namlisha Tomi kwa kujificha nyuma ya nyumba, kisha nakiosha na kukirudisha.

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Nilipoleta chai nikaona sinia la visheti, kila kisheti kimejaa vishimo vilivyopangika kama vinundu vya kimkeka.

Mzee wa kanisa alikuwa anatafuna. "Urembo huu umeutoaje, mama?"

Mama mkwe akaenda jikoni, akarudi amekishika kimkeka. "Chanuo langu la kutilia visheti urembo nimelisahau nyumbani, nikakandamizia hapa. Amekinunua mkwe wangu."

Tomi aliingia nyuma yake, akasimama kwa miguu miwili, akaanza kukilamba mkononi mwake, polepole, kama nilivyomzoesha.