Mvule wa Nyuma ya Nyumba ya Nazari

Nazari wa Mofu alichonga mitumbwi miaka thelathini, na hakuna mti aliouangusha bila kuuomba. Jioni alimwaga unga wa mtama shinani, akaukusanya uwe kilima kidogo, akataja majina ya babu zake. Alfajiri akiukuta umesimama, alishika shoka. Akiukuta umetawanyika, alirudi nyumbani na mti ule hakuugusa tena. Watu wa mjini wacheke watakavyo. Mitumbwi yake haikuzamisha mtu.

Mwaka tisini na saba mtumbwi wake mwenyewe ulipasuka, na mti mnene uliobaki karibu ulikuwa mmoja tu: mvule wa nyuma ya nyumba, uliotambikiwa na ukoo wake tangu zamani. Binti yake Dorotea alikuwa amerudi kujifungulia uzazi wa kwanza kwa mama yake. Nazari aliweka unga. Asubuhi ulikuwa umetapakaa.

"Baba Dorotea, ni kuku hao," alisema mkewe, Paskalina. "Nyayo zao si hizo hapo?"

"Kuku nao hutumwa."

"Basi weka tena, mimi nitawafungia bandani."

"Wazee hawaulizwi mara mbili."

Mwanamume mkaidi yule! Muda ulikuwepo, wiki tatu za kuchonga kwa tezo zingetosha. Lakini aliuamini mti kuliko macho ya mkewe.

Zikaja mvua zile ambazo kila mtu wa bondeni anazikumbuka. Mto ukavamia mashamba, barabara ikazama. Uchungu ulimshika Dorotea Jumatatu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Kufika hospitali Ifakara kulitaka mtumbwi, na mitumbwi ya kijiji yote ilikuwa mbali ikihamisha watu. Wa kuazima ulifika Jumatano, wamekwisha kufa, yeye na mtoto. Walizikwa juu ya kichuguu kikubwa, maana pengine pote palikuwa maji.

Nazari alijifariji kwamba wazee walikataa, na wazee wana sababu zao.

Miaka miwili baadaye walikuja wapasua mbao na kibali na msumeno wa injini. Mkuu wao, Fulgensi, alisema, "Shikamoo mzee, tunaomba maji ya kunywa." Wakanywa, wakauangusha mvule kabla ya chakula cha mchana. Nazari alisimama uani akingoja. Tuseme ukweli: alikuwa akimwombea Fulgensi kifo. Tawi limponde, lori limpindukie, lolote lile, ili ijulikane kwamba mti ule ulikuwa na neno na kwamba binti yake hakufa bure.

Mwezi ukapita. Dereva wa lori aliporudi kuchukua mbao zilizobaki, Nazari alimuuliza habari za wenzake.

"Wazima wote, mzee. Mke wa Fulgensi amejifungua mtoto wa kike. Ilikuwa shughuli pevu, ila waliwahi hospitali."

"Mpe hongera," alisema Nazari.

Paskalina alikuwa kando akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akaanza kufunga nguo zake. Lori lilipoondoka naye alikuwamo, anarudi kwao Kiberege.