Chewa wa Chini ya Gati

Wifi yangu Borghild ndiye anayetunza masikio. Hapa kijijini kwetu Skarvika hatuyaiti jina lingine. Ni vyombo vyembamba kama chupa ya chai, vimefungwa kwenye kamba tangu mdomo wa ghuba mpaka huku kwetu ndani. Watu wa kituo cha utafiti walikamata chewa, wakawatia tumboni kidude kinacholia, kila kimoja na namba yake, wakawaachia. Chewa akipita, sikio linamsikia, linampigia mwenzake mlio, na hilo nalo linalipasia la mbele, mpaka habari inafika kwenye sikio la gatini, lenye waya. Redio chini ya maji haifui dafu. Ni sauti tu inayofika. Borghild anayasugua kuondoa kome walioganda, anayabadilishia betri, na anaongea nayo. Mumewe alipohamia mjini na mwanamke mwingine, Borghild alisema afadhali, masikio angalau yanamsikiliza.

Majira ya baridi haya ndipo tulipochanganyikiwa. Aliingia jikoni kwangu na viatu miguuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue.

"Wifi, chewa wote wako chini ya gati."

"Vua viatu! Wako wapi?"

"Gatini. Usiku na mchana. Hawatoki."

"Hata sasa, wakati wa kutaga? Si huwa wanakwenda kule visiwani?"

"Hawatoki, nimekwambia!"

Watu wa kituo nao wakasema kwamba kama chewa wamehamia ndani, basi ghuba ya ndani ifungwe, asivue mtu, ili watage kwa amani. Na mume wangu Asmund, kaka yake Borghild, anavua humo humo tu. Moyo wake ni mbovu, daktari amempiga marufuku kwenda bahari ya nje. Njaa haitatuua, pensheni ipo. Lakini mtu aliyevua tangu utotoni ukimkalisha kwenye kochi umemzika. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Asmund akashusha mshipi pale gatini. Patupu. Akawasha kile kioo chake cha kuonyesha samaki. Patupu.

"Dada, hapa hakuna hata mkia," alisema.

Borghild akatumbukiza sikio la mkononi. Tik-tik-tik, tik-tik, namba juu ya namba.

"Huwasikii hawa?"

"Nawasikia. Mbona siwaoni?"

"Mimi utaniuliza nini? Samaki ni wako!"

Nikasema mashine imekufa. Akaweka mpya, ikasema yale yale. Nikasema ni mwangwi wa milima. Akanieleza kwa nini siyo, sikuelewa, nikakasirika. Jirani yetu Torgils akaja na yake, eti ni watu waliozama. Nikamwambia akanywe kahawa kwake, waliozama wa Skarvika hawakuwa na subira ya kukaa mahali pamoja hata walipokuwa hai. Lakini nilipopita gatini niliharakisha, mwenzenu.

Jumamosi nilikuwa pale kwenye benchi la gatini napasua chewa wa Asmund. Wote tunapasulia hapo. Ini na mayai unatia bakulini, matumbo unasukuma kwa kisu yaingie majini, shakwe wagombane nayo. Hakuna anayetazama, mikono inajua yenyewe na mdomo unasengenya. Borghild alikuwa kando yangu akilalamikia watu wa kituo. Nikaanza kusukuma. Akanidaka mkono.

"Simama hapo hapo!"

Katikati ya matumbo kulikuwa na kitu cheusi, kama haragwe refu.

"Ndicho kile kidude?" nikauliza.

"Ndicho."

"Na bado kinalia?"

"Kinalia miaka, hata mwenyewe akishaliwa."

Weee! Nilicheka mpaka nikashika benchi. Kumbe chini ya gati hakuna chewa, kuna vidude vilivyozama na matumbo! Hakuna cha kufungia ghuba! Nikamkumbatia kwa mikono ile ile yenye damu, nikamwambia twende kwa Asmund mbio. Yeye hakucheka.

"Wifi, hebu fikiri. Karibu chewa wote waliotiwa vidude wanalia hapa chini."

"Si ndiyo nafuu yetu?"

"Wote, wifi. Wamepita kwenye benchi hili."

Sikutaka kuelewa. Nikamtaja Torgils, nikataja na wale wa nyumba nyekundu, kwamba nao wanapasulia hapo. Akaniitikia tu, ndiyo, nao.

Tulimkuta Asmund mezani, viazi viko tayari. Nikabandika samaki jikoni huku dada yake akimweleza. Asmund alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikinyamaza," Borghild alisema, "watafunga kwa kuwa chewa wamejaa. Nikisema, watafunga kwa kuwa wamekwisha. Kaka, akili yangu imegoma."

"Wanaotembea bado ni wangapi?"

"Mmoja. Juzi alisikika visiwani."

Asmund aligeuza uma wake, akaugeuza tena.

"Wapigie simu."

"Kaka, ukishasema hivyo..."

"Nimesema wapigie, Borghild."

Akaenda ukumbini kupiga simu. Nilimpakulia mume wangu: chewa, ini, mayai. Nilitamani agombe, avunje sahani, nipate la kujibu. Alikula taratibu, akamaliza.

"Mayai ya mwaka huu ni matamu," akasema.

Nikageukia sinki, kwa sababu nilikuwa nalia.