Piano ya Kihoto

Kabla ya tamasha, nikifungua piano yenye harufu ya mbao zilizoloa, narudi kimawazo Kihoto, mtaa wetu wa kando ya ziwa, siku ziwa lilipofurika hadi kanisani. Maji yalinifika magotini. Mwalimu wangu wa muziki, mama mzee, alipapasa piano ya kanisa iliyoanza kufura.

“Hii hatutaiokoa,” akasema. “Keti, cheza wimbo wako wote.”

“Lakini mwalimu, watu wanahama.”

“Wacha wahame. Wewe cheza.”

Nikacheza. Noti zilizokataa kulia niliziimba kwa mdomo. Akina mama waliobeba magodoro wakasimama mlangoni kusikiliza. Mmoja wao alikuwa mamangu, ambaye siku zote alisema piano ni kupoteza wakati. Nilipomaliza, nilingoja anigombeze. Alilisogeza godoro vizuri kichwani.

“Rudia,” akasema, “halafu twende.”