Mguu wa Kavata Wakandwa

Tangu afanyiwe upasuaji, mguu wa kushoto wa Kavata ulivimba hadi kiatu kikamkataa. Hospitalini wakamwambia aende kukandwa ili maji yaliyojaa mguuni yatoke. Ale kidogo, avae nguo pana, na akirudi apumzike.

Ale kidogo! Kavata alikuwa mtu wa Kilungu, na kukandwa alikujua. Kuna nyanya mmoja huko Mukuyuni aliyewahi kumkanda mgongo hadi Kavata akalia mbele ya wakwe. Kwa hiyo asubuhi alimaliza sahani nzima ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, apate nguvu za kupigia kelele, na akina mama wa kanisa akawaomba wafunge na kumwombea.

Kule mjini Sultan Hamud, alikoelekezwa kukandwa, alilala kitandani, akauma leso, akafumba macho. Cheryl, msichana mkandaji, alimpitishia vidole polepole, kama anayepangusa vumbi kwenye Biblia. Saa nzima ikaisha hivyo.

"Si uanze basi!" Kavata akafoka.

"Tumemaliza, mama. Nenda ulale, uinue mguu, unywe maji mengi."

Alirudi nyumbani amenuna. Huko akawakuta akina mama saba, midomo imekauka kwa kufunga, wakimpalilia shamba.

"Uliumia sana, dada?"

Kavata aliwatazama.

"Wacheni tu," akaguna, akajilaza, mguu juu ya mito miwili.

Jioni alijaribu kiatu kwa siri. Kikaingia. Alikivua upesi, akakisukuma chini ya kitanda. Upande wa mbaazi ulikuwa bado haujapaliliwa.