Leo nimemkana bibi yangu kwenye banda la video

Jamani, leo nimefanya kitu cha aibu.

Bibi aliyenilea amekuja kutoka Mwimbi kunisalimia. Mchana nikampeleka banda la video hapa Kizwite, kuna muvi mpya ya Kichina ya madude makubwa, imetafsiriwa Kiswahili.

Vijana miluzi, makofi. Raha tupu.

Basi wanajeshi wakaliua dude jike mbele ya mtoto wake. Watu wakashangilia.

Bibi akaangua kilio. Kilio cha msibani kabisa! "Mngemwacha amnyonyeshe mwanawe!"

Banda zima likacheka. Jamaa wa nyuma akaniuliza, "Mshikaji, huyu bibi ni wako?"

Nikasema, "Simjui."

Gizani nikasikia mkono wake ukiuachia wangu.

Tulipotoka nikamwambia, "Bibi, twende nyumbani."

Akanijibu kwa upole, "Asante, baba. Namsubiri mjukuu wangu atoke."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Akaninyanyua, tukarudi nyumbani.

Sasa hivi yuko jikoni, ananisongea ugali wa ulezi.

Nyie mngeweza kuula?