Jina la Nahodha na Mitupo Yangu Miwili

Wiki iliyopita nilirudi Ifakara kumsalimia mama, na simu ikaniponyoka nikishuka kwenye bodaboda. Nikakaa kwa fundi simu karibu na stendi kusubiri kioo, huku vijana wawili wakibishana juu ya nyota wa kikapu wa Marekani ambaye timu yake imetolewa kwenye mtoano.

"Hana lolote huyo. Mechi kubwa zinamshinda," alisema mmoja.

"Acha zako! Wenzake wamepewa mitupo huru wakakosa yote. Yeye angewashikia mikono?"

Nilitaka kumkumbatia huyo wa pili. Mwenzangu, sijui kama umewahi kuwa ule mkono uliokosa. Mimi nimewahi.

Nilikuwa kidato cha pili, kwenye timu ya kikapu ya wasichana. Nahodha wetu alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, mrefu, mpole, na akishika mpira hakabiki. Kwenye fainali ya shule za bonde alifunga karibu pointi zetu zote. Mwishoni mimi nikachezewa faulo, nikapewa mitupo miwili huru, ile ya kusimama mstarini bila mtu wa kukuzuia. Nikakosa yote, tukafungwa kwa pointi moja. Mtaani hakuna aliyenitaja mimi. Walisema nahodha ana gundu, anang'ara siku zisizo na kombe. Aliyasikia gengeni, aliyasikia kwenye mashine ya kukoboa, na hakuwahi kunigeukia akasema kitu. Afadhali angenitukana. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu shuleni, yaani fainali moja, la sivyo angeondoka na jina hilo.

Sasa, uwanja wetu wa kikapu ndio uliokuwa sakafu kubwa ya saruji kuliko zote pale mtaani, na msimu wa mavuno majirani waliujaza mpunga wa kuanika. Mwalimu wa michezo angekataaje, na wake ulikuwa humo humo? Tuliachiwa kipande kimoja tu, kutoka mstari wa mitupo hadi chini ya goli. Hakuna kukimbia, hakuna kupasiana. Tulitupa tu, wiki nzima, wiki nyingine. Mpira ukikosa ukaingia kwenye mpunga, aliyekosa alivua viatu akaenda kuugeuza mpunga huo kwa miguu, mistari kwa mistari, jua la saa saba likichoma na makapi yakiwasha hadi magotini. Niligeuza mpunga wa watu mwaka ule mpaka wakanizoea.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kindamba aliyekuwa akipeta wake pembeni, alichoka kuniona. Kikapu alikuwa hakijui hata kidogo.

"Wewe mtoto, mbona unausukuma kama unaufukuza? Upete," aliniambia, akanishikisha ungo wake.

Nikapeta, mikono yote miwili ikitoka chini, laini, mpunga ukipanda na kurudi. Kisha nikashika mpira vivyo hivyo, kutoka magotini. Ukaingia. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Jioni nilikuwa nimegeuza mpunga mara mbili tu, na yule mama akanipa sahani ya wali mpya na perege wa kukaanga. Sijala wali mtamu kama ule.

Fainali ya mwaka huo ilichezwa kwetu, dhidi ya wasichana wa shule ya kule kwenye mashamba ya miwa, mpunga ukiwa umeshaingia magunia. Nahodha alicheza kama mtu anayedai haki yake. Zikiwa zimebaki sekunde chache akatolewa kwa faulo ya tano, na sisi tuko nyuma kwa pointi moja. Mara nikakwatuliwa chini ya goli. Mitupo miwili. Nikamwangalia nahodha kule benchi.

"Pointi zangu nimemaliza," alisema. "Hizo zako."

Nikainama, nikaushusha mpira magotini. Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Anapeta! Anapeta!" Wa kwanza ukaingia, na kicheko kikakatika. Wa pili ukagusa ringi, ukazunguka, ukazama. Vigelegele vilivyolipuka vilianza kwa yule mama. Nililia kwa furaha bila aibu, nahodha kaniinua juu.

Uwanja ule haupo tena, pamejengwa madarasa, na mpunga unaanikwa kwenye maturubai. Yule mama tulishamzika. Nahodha anauza mchele Mlimba, na nilipopita kwake mwaka jana nilikuta sokoni wote wanamwita Bingwa. Mteja mmoja akanisimulia, kwa mikono na macho, jinsi Bingwa alivyotupa mitupo miwili ya mwisho akaleta kombe. Nahodha akafungua mdomo amsahihishe. Nikamkanyaga mguu.

"Ndivyo ilivyokuwa," nikamwambia mteja. "Nilikuwepo."