Mzee Jalada Ametutangulia

Kama kuna mtu aliyewahi kuishi maisha yake yote nyuma ya mgongo wa mtu mwingine, ni karani wa masjala wa ofisi ile, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho baada ya choo cha wanaume. Miaka ishirini na sita alibeba majalada. Mkurugenzi akienda kikaoni, yeye yuko nyuma na majalada. Mkaguzi akija, mkaguzi mbele, yeye nyuma, jasho linamtiririka, majalada yamefika kidevuni. Ofisi nzima ilimwita Mzee Jalada, hata kwenye karatasi ya zamu. Jina lake halisi lilikuwa limefungiwa kwenye jalada lake la utumishi, na funguo za kabati lile alikuwa nazo yeye mwenyewe, kwa hiyo hakukuwa na mwingine wa kulijua.

Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Na kabla hajaondoka alitaka kitu kimoja tu: atembee mbele ya watu wale, siku moja, wao wamfuate nyuma, wakanyage anapokanyaga. Basi. Hakutaka cheti wala saa ya ukutani.

Nafasi ilijileta yenyewe. Mkurugenzi alirudi kutoka semina ya siku tatu akiwa ameambukizwa neno "umoja". Akatangaza matembezi ya wafanyakazi wote, Jumamosi, kutwa nzima, kwenye msitu na majabali yanayoonekana kutoka dirisha la masjala. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa vikao vitatu kujadili rangi ya fulana.

Kikao cha nne ndipo mtu alipouliza njia inapita wapi.

Wengine wakaangalia simu, wengine wakaangalia dari. Mzee Jalada, aliyeitwa kikaoni kuleta jalada la vikao vitatu vya fulana, akakohoa.

"Mimi naijua," alisema.

Na kweli aliijua. Kabla ya masjala, ujana wake wote aliumalizia kwenye majabali yale, akiwabebea wapima ardhi fito na kamba. Kila jiwe lilikuwa na jina alilolibuni mwenyewe. Palikuwa na Ngazi, mawe yaliyopangana kama vile mtu alianza kuyajenga akakata tamaa. Palikuwa na Ufa, mwanya kati ya majabali mawili ambao mtu mnene huupita kwa ubavu na kwa unyenyekevu. Na juu kabisa palikuwa na Meza, mwamba bapa ambao ukisimama juu yake unaiona ofisi ndogo kama kiberiti, na unaanza kujiuliza kwa nini uliwahi kuiogopa.

"Gari linafika huko juu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Linaishia kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu, mheshimiwa. Baada ya hapo ni miguu."

"Miguu ya nani?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kama ni utani.

Wakampa kazi ya kuandaa mpango, na Mzee Jalada akauandaa kama mtu anayeandika wosia. Kurasa kumi na moja, kwa mkono, herufi zimesimama wima kama askari. Saa moja na nusu, kibandani. Saa tatu, kijito, kila mtu ajaze chupa. Saa nne na nusu, Ngazi, viatu vya kisigino havipiti hapa hata kwa barua ya daktari. Saa tano na nusu, Ufa, mmoja mmoja, wanene katikati ili wakikwama kuna wa kuvuta na wa kusukuma. Saa sita, Meza. Saa nane kamili kuteremka, kwa sababu ukungu wa huko hausubiri mtu amalize kupiga picha. Na katika ukurasa wa pili, kwa wino mwekundu, mstari aliouandika na kuurudia mara nne mpaka mkono ukatulia: *Atakayetangulia mbele ya wote ni karani wa masjala.*

Afisa Utumishi, mama mwenye miwani ya kuning'inia na tabasamu la kukopesha, aliupokea mpango ule kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, umefanya kazi kubwa. Basi wewe ndiye utatutangulia."

"Mbele kabisa?"

"Mbele kabisa, mzee wangu. Nani mwingine?"

Jioni ile alifika nyumbani amevimba kichwa. Mkewe, fundi cherehani, hakuinua macho kutoka kwenye sketi aliyokuwa akiipinda.

"Mama Pacha, wamekubali."

"Wamesoma huo mpango wako?"

"Wameupokea."

"Mimi sikuuliza kupokea, Baba Pacha."

Mzee Jalada alikuwa anatafuta viatu.

Sasa, Jumatano usiku ikanyesha mvua ya kung'oa miti. Ijumaa asubuhi Mzee Jalada akaona hawezi kuwapeleka watu mahali asipopakagua. Akaomba pazia jekundu kuukuu la mkewe, akalichana vipande vya kufunga kwenye miti, akapitia ofisini saa mbili na nusu kumuaga Katibu Muhtasi.

"Waambie wenzangu natangulia," alisema. "Nakwenda kukagua njia. Kesho iko palepale."

Katibu Muhtasi alikuwa mtu makini, na umakini wake ndio uliomuua Mzee Jalada. Mkurugenzi alikuwa ametoa waraka kwamba tangazo lolote kwenye kundi la simu la ofisi lisizidi maneno kumi, kwa kuwa yeye ana mambo mengi ya kusoma. Katibu akaandika, akahesabu, akakata. Msitu ukakatwa. Ukaguzi ukakatwa. Yakabaki maneno kumi kamili, ya heshima, yamenyooka:

*Ndugu wafanyakazi, Mzee Jalada ametutangulia. Matembezi ya kesho yako palepale.*

Akatuma, akazima simu, akaenda kung'olewa jino.

Msituni hakuna mtandao. Mzee Jalada alipanda akifunga vitambaa, akiondoa matawi, akijaribu kila jiwe kwa kisigino. Mti mmoja ulikuwa umelala njiani. Akauzungukia na kuchonga njia mpya kwa panga. Kwenye Ufa alipita kwa ubavu, akafurahi kuona kwamba baada ya miaka yote ile tumbo lilikuwa limeongezeka kidogo tu. Saa sita na robo alikuwa juu ya Meza. Akakaa, akafungua kiazi cha kuchemsha, na simu mfukoni, ikiwa imepata mtandao huko juu, ikaanza kutetemeka kama imeshikwa na homa.

Ujumbe mia moja na arobaini.

Wa kwanza ulitoka kwa mhasibu: *Dah. Jana tu nilimwona anapanda ngazi. Poleni wote.*

Akashangaa nani amekufa. Akasogeza kiazi pembeni, akaendelea kusoma.

*Pumzika kwa amani mzee wetu.*

*Samahani, Mzee Jalada ndiye yupi? Yule wa chai?*

*Hapana, wa chai yupo, nimetoka kumwona. Huyu ni wa masjala.*

*Aaa. Yule aliyepoteza barua yangu ya likizo.*

*Tusimseme marehemu vibaya.*

*Simsemi vibaya, nauliza tu sasa nani atakuwa anaitafuta.*

Mzee Jalada aliinua macho akaangalia bondeni. Ofisi ilikuwa palepale, ndogo kama kiberiti. Akarudi kwenye simu. Dereva alikuwa ameuliza kwa adabu kama ile meza ya dirishani tayari ina mtu. Fundi wa kompyuta alijibu kwamba yeye aliiomba tangu mwaka juzi. Mtu wa ugavi alitafuta picha ya marehemu akapata moja, ya siku ya kuzindua jengo, ambamo Mkurugenzi anakata utepe na nyuma ya bega lake linaonekana sikio. *Nadhani hili ni lake,* aliandika. Watu kumi na wanane wakaliwekea sikio lile alama ya moyo.

Kisha Mkurugenzi mwenyewe: *Nimepokea kwa mshtuko. Tumepoteza nguzo. Je, basi la kesho limeshathibitishwa?*

Na Afisa Utumishi: *Limethibitishwa mheshimiwa. Marehemu angependa tuendelee.*

Katika ujumbe wote mia na arobaini, hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba ngoja, huyu si ndiye alikuwa atutangulie kwenye matembezi? Ilihitaji mtu awe amefika ukurasa wa pili wa mpango.

Alianza na mkewe.

"Wameshanipigia," Mama Pacha alisema kabla hajapewa salamu. "Mama mmoja analia, ananipa pole. Nikamuuliza amekufa saa ngapi, maana saa moja alikuwa anagombana na mimi kuhusu viazi. Akasema mama, huo ni mshtuko, kaa chini. Uko wapi wewe?"

"Juu."

"Juu wapi? Chagua maneno, Baba Pacha, leo si siku yake."

"Kwenye jabali."

"Haya. Wapigie hao wenzako ufufuke."

Akampigia Afisa Utumishi. Simu ilipokelewa taratibu mno.

"Mzee wangu... upo?"

"Nipo."

"Upo upo kabisa, au ni mtu ana simu yako?"

"Nipo, mama. Nilikuja kukagua njia. Nilisema natangulia."

Akasikia miwani ikigonga meza. Halafu pumzi ndefu, ya mtu anayeona kazi imeongezeka siku ya Ijumaa.

"Sasa hili ni tatizo, mzee wangu. Mkurugenzi ameshapeleka barua makao makuu. Ina saini yake. Wewe unamjua, hajawahi kurekebisha kitu chenye saini yake."

"Si aandike nyingine?"

"Aseme nini? Kwamba hakujua kama mfanyakazi wake yuko hai? Na fulana zimeshabadilishwa, zimeandikwa 'Matembezi ya Kumbukumbu'. Watu wameshalia, mzee wangu. Yupo hata aliyezimia, yule wa mapokezi."

"Hatujawahi kusalimiana."

"Ndiyo uone alivyo na moyo." Akashusha sauti. "Nakuomba kitu kimoja. Kesho usije. Utawachanganya. Jumatatu tutatafuta namna ya kukurudisha."

"Kunirudisha wapi?"

"Kwenye orodha."

"Na nani atakuwa mbele?"

"Fundi wa kompyuta. Ana ramani kwenye simu."

"Njia nzima hakuna mtandao, mpaka ufike juu."

"Ataipakua."

"Ufa haupakuliwi, mama."

"Mzee wangu," alisema yule mama, na sauti ilikuwa imeshafunga jalada, "pumzika."

Aliteremka. Kwenye kila kitambaa alisimama, akaushika ule mkia mwekundu, akauwaza. Dakika moja tu ingetosha kufungua fundo, na fundi wa kompyuta angewapeleka watu wote kwenye matope na ramani yake. Hakufungua hata kimoja. Si kwamba alikuwa na huruma. Alikuwa ameifunga kazi ile vizuri, na kazi nzuri hakuwahi kuiharibu hata kwa watu wasiostahili. Ndiyo maana alifika miaka sitini akiwa karani.

Lakini kuhusu kutokuja, hapo hakumtii mtu. Jumamosi kabla jua halijachomoza alikuwa tayari njiani na fimbo na viazi vinne. Alijipangia hivi: watafuata vitambaa, watapita Ngazi, watabanana kwenye Ufa, na watakapotokeza juu ya Meza watamkuta amesimama. Wazimie wenye kuzimia. Watakuwa wamemfuata hatua kwa hatua kutoka chini mpaka juu, na hilo hata Mkurugenzi na saini yake hawezi kulifuta.

Saa mbili, yeye akiwa tayari juu ya Meza, basi likaingia kibandani, nusu saa nzima nyuma ya mpango. Kwa macho ya aliye juu, waliteremka kwenye basi kama punje za mchele, wote fulana nyeupe. Wakajipanga. Wakainamisha vichwa, akaelewa kwamba wanamkumbuka. Ilichukua muda mfupi kuliko kushuka kwenye basi.

Halafu kundi likaelekea kwenye miti. Mzee Jalada akasimama. Punje za kwanza zikamezwa na kijani, za pili zikafuata, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kama wa bwana harusi. Akajipangusa vumbi. Akafunga kifungo cha juu cha shati.

Baada ya dakika kumi punje moja ikarudi. Kisha tatu. Kisha kumi, mojawapo ikiwa imebebwa begani, bila shaka na kiatu chake cha kisigino mkononi. Saa tatu, saa ya kijito, fulana zote zilikuwa zimerudi kivulini mwa basi na masanduku ya chakula yamefunguliwa. Kisha wakapanda juu ya jiwe moja lililo mbele ya kibanda, jiwe la kukalia mlinzi akifunga kamba za viatu, wakabanana, wakanyanyua mikono.

Simu ikatetemeka. Picha. *Tumefika kileleni salama. Asante Mungu. Kwa heshima ya Mzee wetu.* Maneno kumi.

Saa nne na robo basi likageuza, likaondoka na vumbi lake. Mzee Jalada aliendelea kusimama. Saa nne na nusu, saa ya Ngazi, bado alikuwa amesimama. Kwenye Ufa alipita mjusi.

Mkewe akapiga.

"Wamefika?"

Aliangalia chini, mpaka mwisho wa msitu. "Wamefika."

"Wote?"

"Wote."

"Nani alikuwa mbele?"

"Mimi."

Cherehani ya Mama Pacha ilisikika ikienda kidogo, ikasimama, ikaenda tena.

"Na wewe hukugeuka kuona kama wanakuja?"

"Niligeuka," alisema.

"Haya. Shuka basi, kabla ya ukungu."